Milango Ambayo Sikumwonyesha Mama Uwimana

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikianza tu kuisimulia wajukuu wangu huchukua madumu wakaenda kuteka maji, maana wameisikia hadi wamechoka. Wewe hujaisikia. Nimeambiwa wamekuchagua uingie katika komite ya kupokea watu waliokimbia vita pale Ndosho, umeshapewa fulana na daftari, na siku hizi unatembea umeinua kidevu. Sikucheki. Na mimi nilitembea hivyo hivyo nilipokuwa na umri wako, na ndiyo maana nimekuita uketi nami kabla hujaanza kazi.

Jina langu unalijua, ni Kavira. Baba na mama walitoka Butembo wakifuata biashara ya maharagwe, nami nikazaliwa hapa Goma, juu ya mawe haya meusi ya volkano. Nilipofika miaka kumi na tisa vita vilikuwa vimewashika watu wa Masisi, kule milimani. Walishuka kila siku, wengine kwa miguu, wengine juu ya malori ya makaa, na godoro kichwani, na pengine mbuzi mmoja aliyechoka kuliko mwenyewe. Wengi walikwenda kambini. Wengine walipewa vyumba vya mbao vilivyojengwa nyuma ya nyumba za watu, na hao ndio waliokuwa mikononi mwetu.

Sisi nani? Shirika. Unajua zile familia za Kikatoliki za mtaa mmoja zinazosali pamoja, juma hili kwa fulani, juma lijalo kwa fulani. Shirika letu lilikuwa na komite ya mapokezi, na kiongozi wake alikuwa Muzee Paluku, fundi wa chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma. Alikuwa mtu mfupi, mpole, sikio moja halisikii vizuri kwa kelele za nyundo. Mimi nilikuwa mwandishi wa komite kwa sababu moja tu: mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilitunza kaye, daftari kubwa la mistari lenye majina ya wageni wote, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Kila aliyefika alipatiwa mahali pa kulala. Alipewa unga, maharagwe na blanketi. Kisha alitembezwa, na hilo ndilo Muzee Paluku alilolipenda kuliko yote. Mtu mmoja wa komite alimchukua mgeni na kumpitisha mlango kwa mlango, nyumba zote za aveni yetu, yaani njia yetu ya mtaa, za Wakatoliki na za wasio Wakatoliki. Kila mlango mlipiga hodi, mkaingia, mkaketi. Jina la mgeni lilitajwa, na la watoto wake. Mwenye nyumba naye alisema jina lake na kile anachoweza: huyu ana pipa la maji ya mvua, yule anajua kuzalisha, mume wa yule ana pikipiki na anaweza kuitwa wakati wowote. Halafu mgeni alipewa kitu cha kutia mdomoni, hata kama ni nusu hindi la kuchoma. Kazi hiyo ilikula nusu siku, na miguu iliuma, maana njia zetu unazijua. Ikiisha, niliweka alama kwenye kaye, kando ya jina.

Siku moja nilimwuliza Muzee Paluku kama kweli ni lazima kuketi kila nyumba. Si ingetosha kuonyesha kwa kidole?

Akaniambia, "Unga tunawapa ni ya siku ine, Kavira. Ikiisha, watabakia na nini? Watabakia na sisi."

Nikaitika, ndiyo papa. Nilikuwa hodari sana wa kuitika.

Basi siku ya Ijumaa akaletwa mama mmoja kijana, pengine ananizidi miaka mitano. Alikuwa na mtoto wa kike mgongoni, Uwimana, mwenye kofia ya sufu na macho makubwa, na sisi tukamwita mama yake kwa jina la mtoto, Mama Uwimana. Mume alibaki njiani. Alisema hivyo tu, "alibakia njiani," na sikumwuliza zaidi. Nilimpeleka kwenye chumba cha mbao nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara aliyekuwa safarini, ambaye alituachia ufunguo. Kwa hiyo hapakuwa na mwenyeji wa kumwangalia. Nilimpa unga, nikampa blanketi. Nilimwonyesha kwa mbali mlango wa kwetu, mwisho wa aveni, nikamwambia kesho nitakuja kukutembeza. Akanijibu "Murakoze," yaani asante, maana lugha yake ilikuwa Kinyarwanda, na Kiswahili alikisema kidogo kidogo, akikitafuta.

Kesho yake sikwenda.

Sababu niliyokuwa tayari kuisema ni kwaya. Tulikuwa tunajiandaa kwa sikukuu na mimi nilikuwa sauti ya kwanza, na nisipokwenda eti wimbo ungeanguka. Sababu niliyoificha ni nyingine, nami nitakuambia leo kwa sababu nimezeeka na haya yangu imebaki kidogo. Niliogopa kuonekana naye. Wakati ule, mwanangu, kama wakati huu, vita vilikuwa vimewafundisha watu kumpima mtu kwa namna anavyosalimia. Kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wakisema maneno mabaya juu ya wote wenye kusema lugha ile, kana kwamba kila mmoja wao alibeba bunduki chini ya kitenge. Nilijiona nikipita mlango kwa mlango na yule mama, mlango wa kwanza wananikunjia uso, wa pili wananiuliza nimewaletea nani. Nilikuwa msichana anayependa kupendwa. Nikaenda kuimba.

Jumapili baada ya misa Muzee Paluku akafungua kaye na kuweka kidole kwenye jina la mwisho.

"Huyu mama wa Masisi, alishatembezwa?"

"Alishatembezwa, papa."

Akanipa kalamu, nami nikaweka alama. Niliiweka vizuri, kwa ule mwandiko wangu uliosifiwa. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo huwa linanitisha kuliko uongo wenyewe.

Siku zilizofuata nilimwona mara mbili akiteka maji. Wanawake walinyamaza alipofika na wakaendelea kuzungumza alipoondoka. Aliniona, akanipungia mkono, na uso wake ukafurahi kwa namna iliyonichoma, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee aliyemjua katika Goma nzima. Nilipunga na mimi, haraka, kama mtu mwenye kazi. Nikajiambia, juma lijalo nitamtembeza, hakuna aliyekufa.

Kipindupindu kiliingia mtaani kwetu mwishoni mwa juma la pili. Sikuwa na wasiwasi sana, kwa kuwa komite ilikuwa imejiandaa. Mama Zawadi, ambaye alikuwa munganga, na huku kwetu kila anayejua kuchoma sindano tunamwita munganga, alikuwa na sanduku zima la serumu nyumbani kwake, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Aveni nzima ilijua. Mtoto akianza tu kuharisha na kutapika, mnakimbia kwa Mama Zawadi. Na nyumba ya Mama Zawadi ilikuwa mlango wa tatu kutoka chumba cha Mama Uwimana.

Jumamosi ile nilirudi kutoka kwaya saa saba mchana, jua kali, nikiwa bado naimba kwa sauti ya chini. Nilimkuta Mama Uwimana ameketi juu ya mawe nje ya ua wetu, mtoto amefungwa mgongoni kwa kitenge, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye macho.

"Nilikungojea," akasema.

"Toka saa ngapi?"

Akainua mkono akaonyesha upande wa mashariki, mahali jua lilipokuwa asubuhi.

"Mutoto anatapika. Anatoka maji tu, maji tu. Niligonga kwenu, wakaniambia hauko. Nikasema nikungoje."

Nilishika mguu wa mtoto uliokuwa ukining'inia. Mwanangu, ulikuwa umeshapoa. Hata leo sijui kama yule mama alikuwa amejua na hakutaka kujua, au hakujua kabisa. Nilipiga kelele. Milango ikafunguka huku na huku, na Mama Zawadi akaja mbio, mikono myeupe kwa unga wa muhogo aliokuwa akiuchekecha. Alimfungua mtoto, akamlaza juu ya kitenge palepale, akaweka sikio kifuani. Aliliweka kwa muda mrefu. Kisha akainuka akaanza kulia kwa hasira.

"Huyu mama anakala wapi?"

Mtu akamwonyesha.

"Pale? Pale tu? Na miye niko hapa toka asubui! Serumu iko ndani ya nyumba! Juu ya nini hakunipigia hodi?"

Mama Uwimana alimtazama kama anayejaribu kuelewa jambo gumu, halafu akasema taratibu, "Mama, sikukujua."

Alipokuwa akija kwetu na mtoto mgongoni alikuwa amepita mbele ya mlango ule. Alipita milango yote, nyumba ishirini na moja, na zote kwake zilikuwa mbao tu. Alitafuta mlango wangu kwa sababu ndio aliouonyeshwa. Shemeji yangu, aliyemjibu kupitia ua kwamba sipo, alilia sana siku ile akisema, lakini nani aliniambia yeye ni nani? Sikuweza kumlaumu. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Muzee Paluku alikuja na kaye kwapani. Aliifungua, akaangalia, akanivuta pembeni.

"Kavira, hii alama ni weye uliiweka?"

"Ni miye, papa."

"Ulimutembeza?"

Nikatikisa kichwa. Akadhani labda nimejibu na sikio lake halikunasa, akauliza tena, na mara hii ikabidi niseme kwa mdomo, "Hapana, papa. Sikumutembeza."

Nilitamani anipige. Kweli nilitamani. Yeye aliifunga kaye na kusimama akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Ulimupatia unga, ukamunyima watu," akasema. "Na mimi nililala vizuri juma mbili, juu ya ile alama yako." Kisha akasema tutazungumza baadaye, kwanza tupate kaburi.

Wewe umezaliwa hapa, huhitaji kuelezwa kaburi la Goma ni kazi gani. Jembe halifai kitu. Jiwe la volkano linapasuliwa kwa mitarimbo na nyundo, kipande kwa kipande, na hata kaburi la mtoto wa miaka miwili linataka wanaume wengi wa kupokezana. Mtu asiye na watu hapa kwetu hana hata wa kumchimbia. Muzee Paluku, na miguu yake mifupi, alianza mlango wa kwanza wa aveni na kumaliza wa mwisho. Kila nyumba alipiga hodi, akaingia, akaketi, akasema: kuna mama anaitwa hivi, ametoka Masisi, mume alibaki njiani, alikuwa na mtoto anaitwa Uwimana. Alifanya kwa ajili ya maziko kila kitu nilichotakiwa kufanya mimi kwa ajili ya uhai. Na unajua kilichotokea? Hakuna mlango hata mmoja uliomkunjia uso. Wale wanawake wa bomba la maji walikuja na vikapu vya viazi. Wanaume walikuja na vyuma vyao, wakagonga lile jiwe hadi jioni, na mimi niliwabebea maji ya kunywa nikisikia kila pigo kifuani. Watu niliowaogopa walikuwa wema. Nilikuwa nimewanyima nafasi ya kuonyesha wema huo wakati ulipokuwa bado na faida.

Nyumbani, mama yangu hakunisemesha siku mbili. Ya tatu aliniambia, akiwa anachagua maharagwe, bila kuinua macho, kwamba alipofika Goma kutoka Butembo alijua Kinande peke yake, lugha ya kwao. Mama mmoja Muhunde, wa kabila jingine, alimshika mkono akamtembeza nyumba zote, na alipofika mlango wa mwisho alikuwa amekula mahindi mengi hadi tumbo likamuuma. "Nilikuwa na wewe tumboni," akasema. Akaendelea na maharagwe.

Baada ya matanga Muzee Paluku alinituma. Hakunifukuza katika komite, ingawa nilimwomba anifukuze. Alisema kufukuzwa ni rahisi, mtu anakwenda kulala. Alinitaka niende kwa Mama Uwimana peke yangu nimwambie yote kwa mdomo wangu, ile alama, kwaya, na hata lile la kuogopa kuonekana naye.

Nilikwenda asubuhi. Aliketi mlangoni pa chumba chake, kofia ya sufu juu ya magoti. Nilimwambia yote nikiwa nimepiga magoti kwenye mawe. Sikuficha kitu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, nami nikangoja anitukane, au alie, au anifukuze. Alikunja ile kofia ya sufu. Kisha akaweka mkono tumboni.

"Niko na mimba," akasema. "Miezi ine. Simama, unitembeze."

Tulitembea, mwanangu. Kila mlango tulipiga hodi, tukaingia, tukaketi. Nilitaja jina lake, na kila nilipofika mahali pa kutaja la mtoto sauti ilinikatika, na yeye mwenyewe akalitaja. Watu walimpa chai, viazi, ndizi, na alikula kila alichopewa, kidogo kidogo, kama anayemeza dawa. Tulipotoka kwa Mama Zawadi, Mama Uwimana alisimama mlangoni akageuka. Kutoka pale kibaraza cha chumba chake kilionekana, na kamba yake ya nguo, na sufuria aliyoiacha juu ya jiwe.

"Ni hapa tu?" akaniuliza.

"Ni hapa tu," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akashika mkono wangu, tukaenda mlango uliofuata. Sijapata kusikia maneno mazito kuliko hayo matatu, na nimeishi kuona vita vingine, na volkano ikimwagika, na kuzika mume.

Alijifungua mtoto wa kiume mikononi mwa Mama Zawadi, na chumba kilijaa wanawake hadi mimi nikakosa pa kusimama. Alikaa nasi mwaka na nusu. Halafu vita vilihamia upande mwingine, akasikia ndugu zake wako hai, akaondoka, aveni nzima ikimsindikiza hadi kwenye lori. Hakuniambia kamwe kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kumwuliza. Kila Jumamosi, saa saba mchana, kama nipo njiani kurudi nyumbani, bado naangalia yale mawe kabla ya kuingia.

Basi haya ndiyo ninayotaka uende nayo. Watu wanaokimbia Kibati na Munigi na huko mbali watakuja kwenu, nanyi mtawapa unga, mahema na sabuni, na ni vizuri, wape. Lakini usimwache mtu na mzigo ukadhani umempokea. Mshike mkono, mpeleke kwa wenye maji, kwa munganga, kwa mama anayezalisha, hata kwa yule jirani mkorofi. Taja jina lake mpaka watu walishike. Ukiona unasita kwa sababu ya lugha yake, au kabila lake, au macho ya marafiki zako, mwendee kwanza huyo, siku hiyo hiyo, kabla ya wote. Usiwahukumu majirani zako kwamba watamkataa wakati hujawapa nafasi ya kumpokea. Na lile daftari lako, usiandike ndani yake jambo ambalo hukulifanya, kwa sababu kuna mzee mahali atakayeliamini na kulala, na kuna mama atakayebaki peke yake kwa ajili ya wino wako. Ukikosea, na utakosea, sema mapema, kwa mdomo wako, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa. Mimi nilichelewa kwa siku moja tu iliyogeuka kumi na nne.

Lete kichwa chako hapa niweke mkono. Mungu akupe miguu yenye nguvu ya kupita kila nyumba, na aibu ya kutosha kukuzuia kudanganya. Akupe majirani watakaokuita kwa jina ukiwa hai, na siku yako ikifika, wawe wengi wa kukupasulia jiwe. Haya, simama uende. Kule Ndosho kuna watu walifika jana, na bado hawajui nyumba ya nani ni ya nani.